Ng'ambo ya Mabamba

Wako Watanzania ambao wakisema wamekwenda nje ya nchi, hapo ujue ni ndege, makoti mazito na picha za theluji. Mtu wa Mabamba, kata ya mpakani wilayani Kibondo, hana haja na hayo. Anapanda bodaboda, anagongewa muhuri, na kabla vumbi halijamtoka kwenye nyusi yuko upande wa Gisuru, Burundi: fedha nyingine, rais mwingine, magari yanapita kulia. Anasalimia kwa Kiha chake, anajibiwa kwa Kirundi, na mkalimani hatafutwi.

Ndiyo maana mwalimu mmoja mstaafu alipoaga kwamba anakwenda kupumzika Ruyigi, kwa binti yake aliyeolewa huko, majirani hawakuihesabu kuwa safari. Kisheria, hata hivyo, alikuwa ng'ambo sawasawa na aliyeko Muscat. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inamruhusu mgeni kutoka nchi mwanachama kukaa hadi miezi sita. Mwalimu hakuimaliza miezi hiyo, lakini aliisogelea kiasi kwamba mkwewe alianza kumwuliza, kwa adabu zote, kama mvua za Mabamba hazijaanza bado.

Akaelewa. Ikatangazwa siku ya kuondoka, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Kwanza, kuaga. Mzee aliyekaa muda mrefu kwa wakwe haondoki kimyakimya kama mpangaji anayedaiwa kodi. Lazima apite nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ina kiti chake, na kila kiti kina chupa yake. Asiyetumia bia analetewa soda, na soda tano mchana mmoja zina adhabu yake. Mwalimu alijaribu hila ya kuaga akiwa amesimama mlangoni. Haikusaidia: alisimamishiwa chupa mlangoni. Alipofika nyumba ya mwisho, kaka wa mkwewe alimkumbusha kwa upole kwamba alishaaga pale juzi, kisha akaagiza aletewe nyingine, maana mgeni hafukuzwi kwa kusahau.

Pili, mizigo. Alikwenda na begi dogo la mgongoni na mwavuli. Siku ya kurudi palikuwa na mfuko wa shangazi kaja uliovimba pande zote, kahawa ya kutwanga, ndoo ya maharage, kikapu cha kusuka chenye mfuniko mrefu uliochongoka ambacho hakiingii ndani ya kitu chochote wala hakikubali kuwekewa kitu juu, na jogoo. Jogoo alitoka kwa mama mkwe wa binti, na jogoo wa ukweni hakataliwi. Alifungwa miguu kwa kamba ya mgomba, akalazwa ukumbini usiku kucha, akawa anamtazama Mwalimu kwa jicho moja.

Tatu, fedha. Hapa Mwalimu alijiona mjanja. Hakusahau Juni 2023, pale Benki Kuu ya Burundi ilipotangaza kuziondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 na kuwapa watu siku kumi tu wawe wameshazirudisha. Waliokuwa wameficha faranga zao chini ya godoro walihangaika sana, na aliyezificha ng'ambo ya mpaka alihangaika zaidi. Mwalimu akaapa kutovuka na hata noti moja. Akazimaliza zote sokoni Ruyigi: vitenge viwili vya mama watoto, sabuni, betri za redio, na kofia ambayo hakuna aliyemwambia kuwa ni ya kike.

Alisahau nauli.

Kwa kawaida hilo lingekuwa dogo, lakini Burundi imekuwa na uhaba wa mafuta kwa miaka kadhaa sasa, na mwenye pikipiki yenye petroli ndiye anayepanga bei na saa ya kuondoka. Binti alimkopesha baba yake faranga huku akimtazama kama mwanafunzi aliyekuja darasani bila kalamu. Dereva naye alikubali upesi kuliko ilivyotarajiwa. Alikuwa na madumu mawili matupu ya manjano nyuma ya kiti, na safari ya kuelekea mpakani aliihitaji kuliko abiria wake.

Walilala Gisuru kwa jamaa ili kuwahi asubuhi. Ili msiba wa asubuhi hiyo ueleweke, inabidi kurudi nyuma kidogo. Mpaka huu ulichorwa na watu waliokuwa mbali. Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi za Mjerumani kwa makubaliano ya Milner na Orts ya 1919, na Wabelgiji waliokuwa wameishika Kigoma wakaiachia mwaka 1921. Leo Burundi inafuata saa za Afrika ya Kati, nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Jua halikushirikishwa. Kwa kuwa Mabamba iko magharibi kabisa ya nchi, huko jua huchomoza karibu saa moja, wakati hesabu yetu ya saa inataka saa moja iwe jua limeshapanda. Hatua chache mbele, Burundi, jua lilelile huchomoza karibu saa kumi na mbili, kama wahenga walivyopanga. Kwa maneno mengine, saa ya Kiswahili hukaa vizuri zaidi kwa jirani.

Mwalimu alimpigia mpwa wake aliyeko Mabamba. Wakakubaliana: saa mbili asubuhi, saa za Tanzania, getini, aje na pikipiki. Yeye akatega kengele ya simu saa kumi na moja, saa za Burundi, akalala kwa amani. Usiku simu ikaunasa mnara wa upande wa Tanzania, ikajisogeza mbele saa moja bila kumwuliza mtu. Kengele ikalia saa kumi. Jogoo hakuwa amewika, na hilo peke yake lilitosha kuwa onyo, lakini Mwalimu aliamini simu. Saa kumi na mbili za Burundi alikuwa getini na mizigo yake yote, jua ndiyo kwanza linajitokeza, geti limefungwa.

Upande wa pili, simu ya mpwa ilikuwa imefanya kinyume. Iliunasa mnara wa Burundi, ikarudi nyuma saa moja. Saa mbili ilipofika, yeye alisoma saa moja, akaagiza chai na chapati ya pili. Kwa hiyo mjomba na mpwa, kila mmoja akiwa na saa iliyosema kweli ya nchi fulani, walikutana baada ya Mwalimu kusubiri saa mbili nzima.

Katikati ya muda huo geti lilifunguliwa. Muhuri haukuchukua dakika. Kadi ya njano ya chanjo ilikuwepo. Kisha afisa akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, kibali cha huyo jogoo kiko wapi?"

Hakikuwepo. Mwalimu alieleza kuwa ni zawadi ya ukweni. Afisa alielewa sana, akampa na pole, lakini magonjwa ya kuku hayajui ukwe. Jogoo akarudishwa Gisuru kwa yule jamaa, na inasemekana hakuifikia jioni.

Akiwa Mabamba, akivuka barabara kwenda dukani, Mwalimu alitazama kushoto kama alivyozoea Ruyigi, akakoswakoswa na baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi iliyotoka kulia. Mwenye baiskeli alimwita mgeni.

Nyumbani mkewe alifungua shangazi kaja, akatoa kahawa, akatoa sabuni, akatoa kofia, akaitazama kofia kwa muda, kisha akauliza vitenge viko wapi. Simu ikapigwa Ruyigi. Vilikuwa nyuma ya mlango, juu ya stuli. Binti akacheka, akasema yule dereva wa madumu anakuja tena kesho, atavifikisha getini saa nne.

"Saa nne ya wapi?" akauliza mama.

Upande wa pili pakawa kimya, kisha salio likakatika.