Rejeta Haijui Kidogo

Katika majengo makuukuu ya New York, mpangaji hawashi joto, huletewa. Boila iko chini kabisa ya jengo, ufunguo wake anao msimamizi, na kiwango cha joto kimewekwa na sheria ya jiji. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, nje kukishuka chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, mwenye nyumba lazima ahakikishe ndani hapapungui 68 mchana, yaani nyuzi 20 za Selsiasi. Usiku pasipungue 62. Sheria imeweka sakafu, ikasahau dari. Ndiyo maana Januari, theluji ikidondoka, utaona madirisha ya Bronx, ninakoishi, yako wazi na watu ndani wamevaa singlendi.

Shangazi yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, alikuwa amejiandaa kupambana na baridi: masweta, soksi za sufu, mafuta ya karafuu ya kuchua magoti. Kesho yake alikuwa kwenye kanga moja, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria. Akaniuliza kile chuma chenye mbavu kando ya ukuta ni kitu gani.

“Rejeta, shangazi.”

“Rejeta ya gari gani?”

“Si ya gari. Ya nyumba.”

“Basi nyumba yako imechemsha.”

Hakukosea sana. Baada ya homa kuu ya mafua ya 1918, watu wa afya walihimiza hewa safi, na wahandisi wengi wa enzi ile wakapima boila na rejeta zinazotosha kupasha nyumba iliyoacha madirisha wazi. Homa ile ilipita, rejeta zikabaki.

Sasa Shangazi ni mtu wa kiasi. Chai yake sukari kiasi, mchuzi wake pilipili kiasi. Akaiendea ile koki iliyo chini ya rejeta, akaizungusha nusu. “Moto uingie kidogo tu,” akasema, akaenda kulala.

Saa kumi alfajiri: ngo! ngo! ngo!

“Karibu!” Shangazi akaitikia kwa adabu zake zote. Hakuingia mtu. Ngo! ngo! “Mwanangu, mfungulie huyo mgeni, baridi itamuua huko nje.” Kabla sijanyanyuka, jirani wa chini naye akaanza kugonga dari lake kwa mpini wa ufagio, akidhani tunapigilia misumari. Tukawa na wabishaji wawili, mmoja wa chuma na mmoja wa hasira, na Shangazi anawakaribisha wote.

Asubuhi msimamizi alifika na tochi na pimamaji. Akaitazama koki, akatikisa kichwa. Hii, alisema, hufunguliwa yote au hufungwa yote. Nusu haina kazi.

Jengo letu ni la bomba moja: mvuke unapandia humo humo, na ukishapoa na kuwa maji, maji nayo yanashukia humo humo. Koki ikiwa nusu, mvuke unaopanda unayazuia maji yanayotaka kushuka. Yanajikusanya. Mvuke mpya ukiyakuta, unapoa ghafla na kusinyaa mara 1,700 hivi. Pengo linabaki, maji yanarukia kulijaza na kujibamiza kwenye chuma. Ndiye mgeni wetu wa alfajiri.

Kisha akaweka pimamaji juu ya rejeta. Miguu ya upande wa mbali ilikuwa imezama sakafuni, kwa hiyo maji yaliinamia upande usio na njia. Hapo Shangazi akadakia: kama mfereji wa bati, ukiinamia upande usio na pipa, utalala na kiu mvua ikinyesha. Msimamizi akaunyanyua upande ule kidogo, Shangazi akasukumizia vipande vya mbao chini ya miguu. Koki ikafunguliwa yote.

Kilichobaki ni mluzi mwembamba wa kile kipumulio kidogo kinachong'aa pembeni. Huo si ugonjwa: hewa inatoka ili mvuke uingie. Kikianza kutema maji au kupiga mluzi bila kukoma, ndipo kibadilishwe, nacho si ghali.

Uingereza mambo ni mengine. Nyumba nyingi huko zinapashwa na maji ya moto yanayozunguka, na rejeta ikipatwa na shida hukoroma. Juu ya baridi, chini ya moto, kwa sababu hewa imenasa. Dawa yake ni kuzima joto, kusubiri ipoe, kukinga kitambaa, na kulegeza skrubu ya juu kwa kiufunguo chake mpaka hewa iishe na maji yaanze kuchuruzika, kisha kukaza. Binamu yangu wa London hakuona haja ya kusubiri wala ya kitambaa. Maji yalitoka meusi, na zulia lake sasa lina ramani.

Huku Bronx, Shangazi alimpelekea jirani wa chini sahani ya vitumbua kumwomba radhi. Jirani akakiri kwamba rejeta yake nayo inagonga. Shangazi akaazima pimamaji, akashuka na vipande vyake vya mbao. Wiki ile ile akaitwa ghorofa ya tatu, kisha ya tano.

Amesharudi Tanga. Msimamizi kila akinikuta kwenye ngazi huniuliza atakuja lini tena, halafu ananikumbusha, kwa upole, nisiguse koki.