Povu la Kurekodi

Mashoga zetu wa mjini wamegundua siki. Wanaimimina juu ya magadi kwenye sinki, povu linapanda, simu inarekodi, nasi tunaambiwa uchafu unakufa. Unakufia wapi, jamani? Siki ni asidi ya kama asilimia 5, magadi ni kinyume chake. Vikikutana vinamalizana vyenyewe, yanabaki maji ya chumvichumvi na hewa ileile ya kwenye soda. Sinki linatazama tu. Siki peke yake, haya, ichemshe kwenye birika lenye ukoko mweupe wa maji ya kisima, utaona unavyobanduka. Ila nani atarekodi birika? Na huyo anayetia na jiki kwenye siki “ing’ae zaidi”, mfungulieni madirisha: gesi ya klorini inayotoka hapo haisomi kibandiko cha “asilia”.