Setilaiti, leta shahidi! Mashahidi 9 wa maji, barafu na udongo, kuanzia wa mkiani hadi bingwa wa Kigoma

Kila baada ya siku 10 setilaiti inapita juu ya Ziwa Tanganyika kwa kimo cha kilomita 1,336. Inapiga rada kuelekea chini, inasikiliza mwangwi, kisha inatangaza: maji yako hapa! Safari ya kwenda na kurudi ni sekunde 0.009; hujamaliza hata kupepesa jicho. Na ili isikosee sentimita 1, saa yake inabidi iigawe sekunde moja mafungu bilioni 15.

Mtu akijisifu hivyo barazani Ujiji, ataulizwa swali moja tu: nani alikuwepo?

Kulijibu swali hilo ndiyo kazi inayoitwa uhakiki. Unachukua kipimo cha angani, unakiweka kando ya kipimo cha mtu mwenye matope miguuni, unatazama wapi vinapishana. Mawimbi yenyewe ni ya maikrowevu, ndugu wa yale yanayopasha kiporo chako. Yanapenya mawingu ya masika, na hayajali usiku wala mchana. Hiyo ni sifa kubwa, lakini sifa si ushahidi. Kwa hiyo nimewapanga mashahidi tisa kwa vigezo vitatu: ukaribu na tukio, uhakika wa kipimo na uvumilivu. Najua namba 2 itazua kelele. Tuanzie mkiani.

9. Theluji ya Kilimanjaro

Tulia kwanza, mtu wa Moshi. Mlima wako una mita 5,895 na hakuna wa kuugusa Afrika. Tatizo ni kwamba vipokezi vya maikrowevu vinavyopima theluji duniani huona kwa vipande vya kilomita 25 kwa 25 hivi, yaani kilomita za mraba 625 ndani ya nukta moja. Barafu ya Kilimanjaro mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Kuitafuta humo ni kutafuta punje ya chumvi kwenye sufuria ya ugali wa msibani. Huko juu shahidi ni anayepanda kwa miguu: mwaka 2000 mtaalamu wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walipanda na mashine ya kutoboa, wakashuka na nguzo za barafu za kusomea historia yake.

*Hukumu:* Shahidi mtukufu, ila anaondoka kabla kesi haijaisha. Asiyekuwepo na lake halipo.

8. Mafunjo ya Malagarasi

Mto Malagarasi unaingia ziwani kusini mwa Ujiji, baada ya kupita kwenye kinamasi kikubwa cha Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2000. Hapa rada inafanya vituko. Maji matulivu ya wazi huitupa miale upande wa pili, hivyo kwenye picha yanatoka meusi. Maji yaliyojificha chini ya mafunjo hufanya kinyume. Wimbi refu la sentimita 24 hivi linapenya majani, linagonga maji, linadunda kwenye mashina na kurudi lilikotoka, picha ikang'aa. Maji ni yale yale, rangi mbili! Kuthibitisha kunahitaji mtumbwi, upondo mrefu na mtu asiyeshtuka akisikia neno mamba.

*Hukumu:* Shahidi anayesema kwa mafumbo. Ukimwita mahakamani, mlipie na mkalimani.

7. Kopo la udongo

Setilaiti ya SMOS iliruka mwaka 2009, SMAP ikafuata 2015. Zote husikiliza mnong'ono wa ardhi kwenye gigahezi 1.4. Udongo mkavu unatoa sauti kubwa, uliolowa unanong'ona, na kwa tofauti hiyo hukadiriwa unyevu wa sentimita 5 za juu. Sasa pima mwenyewe ukubwa wa nukta: kilomita 40 hivi. Kigoma mjini, Ujiji, Mwandiga na mihogo yote iliyo katikati vinaenea humo, na sehemu kubwa ya nukta hiyo ni ziwa! Ndiyo maana namba za kandokando ya maji hutiliwa shaka au huwekwa pembeni kabisa.

Shahidi wa ardhini anatumia pete ya chuma ya sentimita za ujazo 100. Ipigilie ardhini, itoe na udongo wake, pima uzito, tia kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Tuseme gramu 25 zimepungua: robo ya pete ilikuwa maji, hakuna mjadala. SMAP iliahidi kutokosea zaidi ya sehemu 4 kwa 100. Kwa pete yetu hiyo ni mililita 4, hata kijiko cha chai hakijai.

*Hukumu:* Oveni ya maikrowevu inapasha wali. Oveni ya kawaida ndiyo inayoisuta maikrowevu.

6. Kipimo cha bandari ya Zanzibar

Tangu 1984 bandari ya Zanzibar ina kumbukumbu za kujaa na kupwa kwa maji. Wakati wa bamvua tofauti hufikia kama mita 4, na setilaiti inayotafuta milimita za kupanda kwa bahari lazima kwanza iondoe hizo mita zote kwenye hesabu. Jaribu kupima urefu wa mtoto anayeruka kamba, ndiyo kazi yenyewe.

Na hapa pana kisa kitamu. Setilaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyorushwa mwaka 1992, ilisifiwa dunia nzima. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: mwaka 1996 ikagundulika kuwa kosa la programu lilifanya bahari ionekane inapanda upesi kuliko ukweli. Vipimo vya bandarini vilikuwa vikisema vingine. Kosa likasahihishwa, na tangu hapo hakuna setilaiti ya bahari inayoaminiwa bila kulinganishwa navyo.

*Hukumu:* Nguzo iliyosimama majini kwa utulivu imemsahihisha mtaalamu aliye angani. Watu wa pwani, tembeeni kifua mbele.

5. Pacha wa GRACE

Hawa ni setilaiti mbili zilizorushwa mwaka 2002, zikifukuzana kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Kati yao kulikuwa na mawimbi ya maikrowevu yaliyopima umbali huo kwa usahihi wa vipande vya unene wa unywele. Ya mbele ikikaribia mahali pazito, inavutwa kidogo. Umbali unabadilika, na uzito unajulikana. Kwa kifupi, zilikuwa mizani! Warithi wao waliruka 2018.

Ziwa Tanganyika lina kilomita za mraba 32,900 hivi. Likipanda mita 1, limeongezeka tani bilioni 33. Ikiwa rada inasema ziwa limepanda na mizani inasema eneo halikuongezeka uzito, kuna mmoja wa kuhojiwa upya.

*Hukumu:* Ushahidi mzito, kihalisia. Ila bado ni ndugu wakitoleana ushahidi, kwa hiyo hawavuki namba 5.

4. Kumbukumbu ya Ujiji

Watalii huenda kwa ajili ya Stanley na Livingstone, waliokutana hapo 1871. Mimi nakushauri uende, uwape kisogo wote wawili na utazame ziwa. Liko wapi? Mahali palipokuwa karibu na maji wakati ule, leo unatembea kwanza ndipo ulowe miguu.

Sababu iko ng'ambo. Mlango pekee wa ziwa kutokea ni mto Lukuga, upande wa Kongo, na ulikuwa umezibwa na tope na majani. Msafiri Mwingereza Cameron aliuona mwaka 1874. Miaka michache baadaye maji yakapasua kizuizi, ziwa likashuka mita kadhaa. Edward Hore, baharia mmishonari aliyefika Ujiji mwaka 1878, akaweka alama ya kupimia na kulifuatilia likishuka. Yaani Ujiji ilikuwa na kipimo cha maji zaidi ya miaka 100 kabla TOPEX/Poseidon haijawashwa!

*Hukumu:* Shahidi mzee kuliko wote. Setilaiti ikifika barazani, iamkie kwanza.

3. Wavuvi wa Kibirizi

Muulize mtu wa mwaloni Kibirizi, hapo Kigoma, maji yalifika wapi mwaka 2021 na tena 2024. Hatakupa namba, atakushika mkono akuoneshe ukuta. Usawa wa ziwa, ambao kwa kawaida huzungumzwa kuwa mita 773 au 774 juu ya bahari, ulikaribia 777, na machanja ya kuanikia dagaa yakahamishwa. Wazee wakakumbuka mafuriko ya 1964.

Hesabu ya ufuo ni ya kikatili. Pwani ikiinama mita 1 kwa kila mita 100, ziwa likipanda mita 1 limekula mita 100 za nchi kavu. Rada ya Sentinel-1, iliyorushwa mwaka 2014, inachora ukingo huo hata usiku wa mawingu. Lakini je, ule weusi kwenye picha ni maji, au ni mchanga laini uliokauka, ambao nao hutoka mweusi? Aliyetembea hapo na ndala mkononi anajua.

Jambo moja zaidi: mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa karabai hupumzika, maana dagaa hawaifuati taa. Rada haijui mbalamwezi ni nini. Ndiyo, mpe pointi hiyo.

*Hukumu:* Hawana desimali, wana kuta zenye alama ya maji. Tatu bora kwa haki.

2. Setilaiti yenyewe

Haya, pigeni kelele. Mshtakiwa anakuwaje shahidi? Anakuwa, kwa sababu uhakiki ni barabara ya njia mbili. Geji, ule ubao wa kupimia kimo cha maji, nayo hukosea. Nguzo inainama, boti inaugonga ubao, ubao unabadilishwa na sifuri inahama sentimita kadhaa bila mtu kuandika, na mafuriko yakizidi maji yanauvuka kabisa, siku ile ile unapouhitaji zaidi. Hapo setilaiti inasimama na kusema: ndugu, jana mlishuka sentimita 20 bila sababu, kagueni.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliponyanyua maziwa ya Afrika Mashariki, Tanganyika kwa karibu mita 2, TOPEX/Poseidon iliyaona yote kwa jicho moja na kwa kipimo kimoja. Na ziwa letu lina nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Setilaiti inazipita zote bila pasipoti na haimpendelei yeyote.

*Hukumu:* Mshtakiwa mkweli kuliko mashahidi wengi. Kilichomnyima ubingwa ni kimoja tu: huja kila siku 10, na ziwa halimsubiri.

Aliyekosa nafasi kwa kidole: meli ya MV Liemba. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikaitwa Goetzen, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Kwenye ziwa Issyk-Kul, Kirgizia, watafiti walifunga GPS kwenye meli na kupima uso wa ziwa njia nzima ya setilaiti. Ningeipa Liemba kazi hiyo kwa mikono miwili. Iliyokwisha kupima kina cha ziwa kwa mwili wake wote haiwezi kushindwa kupima uso wake.

1. Msomaji wa geji, Kigoma

Bingwa ni huyu. Hana mabawa ya sola. Asubuhi anashuka kando ya maji, anauinamia ubao wenye mistari ya sentimita, na ziwa halimrahisishii: wimbi linapanda, linashuka. Anangoja. Anasoma kilele, anasoma bonde, anachukua katikati. Anaandika kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa hutoroka na ushahidi. Kesho anarudi. Kati ya ziara mbili za setilaiti, yeye ameandika mara 10.

Ukiziweka namba zake kando ya zile za angani hazitalingana hata siku moja, na hakuna aliyekosea: setilaiti inahesabu kutoka umbo la dunia, yeye anahesabu kutoka sifuri ya ubao. Kinacholinganishwa ni kupanda na kushuka. Hapo, kwenye maziwa makubwa, tofauti mara nyingi ni sentimita chache tu. Kilomita 1,336 na penseli moja wanakubaliana! Mimi hapo nasimama kupiga makofi.

Kigoma ndiko yaliko makao ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, na Kigoma ndiko reli inakoishia. Lakini kwa kazi hii mwisho wa reli ndio mwanzo wa ushahidi. Msomaji wa geji alipwe kwa wakati, apewe ubao mpya ukiinama, na daftari lake litunzwe kama hati ya nyumba. Siku akikosekana, kipimo cha angani kinabaki kuwa uvumi wenye desimali nyingi.

*Hukumu:* Kombe lake. Rufaa zinapokelewa, ila mje na namba.

Na kama unabisha, thibitisha. Chukua rangi, nenda kwenye ukuta wa mwisho uliofikiwa na maji mtaani kwako, piga mstari, andika tarehe. Siku ziwa litakaporudi tutajua limezidi au limepungua, na orodha hii itakuwa na mashahidi 10.