Lebo Tunasoma, Sana Tu

Mpe mnunuzi dodoso la lishe uone alivyo na elimu. Je, husoma lebo kabla ya kununua chakula? Daima. Huangalia chumvi? Sana. Mtafiti anatia vema, anashukuru, na mhojiwa anaingia zake foleni na biskuti, soda ya lita mbili na vidonge vya kukoleza mchuzi ambavyo kiambato chake cha kwanza ni chumvi. Na kwenye lebo, cha kwanza ndicho kilicho kingi kuliko vyote. Lakini tusimsumbue, alichokihitaji amekwisha kukisoma: bei, tarehe ya kuisha muda, na lile neno kubwa "asilia".

Hesabu yenyewe nayo imefichwa vizuri. Herufi zinataka miwani na tochi, zimebanwa kwenye mkunjo wa plastiki, na sukari imetajwa kwa kila mililita 100, kana kwamba kuna mtu hunywa soda kwa kijiko. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku. Lebo inakutajia sodiamu, uzidishe mwenyewe kwa 2.5 upate chumvi.

Halafu kuna mama wa uswahilini: mafuta ya kupima, sukari robo kwenye kifuko, unga wa kuchota guniani. Naye aliulizwa kama husoma lebo. Akajibu ndiyo, maana kijana aliyemuuliza alikuwa na adabu na jua lilikuwa kali.

Mtafiti, ukija tena, acha dodoso ofisini. Omba kuona kapu.