Ombi la Mkulima kwa Mwenyekiti wa Mnada

Mkulima wa Chai,
Kianjokoma, Kaunti ya Embu.

Kwa Mtukufu Mwenyekiti,
Jumba la Mnada, London.

Mheshimiwa sana,

KUH: MABAKULI YA KASHAN NA MAHALI YALIKOTOKA

Kwanza naomba radhi. Najua dakika yako moja ina thamani kubwa kuliko msimu wangu mzima wa majani chai, na nisingethubutu kuigusa kama si heshima kuu niliyo nayo kwa majumba ya mnada kama lenu.

Katalogi zenu zimenielimisha mno. Nimejifunza kwamba mafundi wa Kashan, Iran, katika karne ya 12 na ya 13, walifinyanga kwa mawe meupe yaliyosagwa. Abu'l-Qasim wa mji huo alieleza kipimo mwaka 1301: sehemu 10 za mawe, sehemu 1 ya kioo na sehemu 1 ya udongo mweupe. Kisha walipaka rangi ya fedha na shaba, wakachoma mara ya pili katika moshi, na chombo kikatoka na mng'ao wa dhahabu. Hayo yote mnayaeleza kwa ufasaha wa ajabu.

Nikifika penye asili ya chombo, Mtukufu, ufasaha huo hupumzika. Nakuta tu: mkusanyaji binafsi, Ulaya.

Uniwie radhi kwa ushamba wangu. Sisi mnada tunaoujua ni ule wa chai, ulio Mombasa tangu mwaka 1969. Pale kila fungu lina jina la kiwanda, daraja na idadi ya mifuko, na mnunuzi akilalamika, chai yake hufuatwa hadi ilikosindikwa. Kwa akili yangu ndogo nilidhani bakuli la miaka 800 lingestahili angalau karatasi za mfuko mmoja wa chai ya daraja la PF1.

Sithubutu kumshuku mtu. Kaburi la Imamzade Yahya huko Varamin, Iran, lilipambwa kwa vigae vya mng'ao vya miaka ya 1260. Vilibanduliwa katika karne ya 19, na leo vimetawanyika katika makumbusho ya nchi nyingi. Mihrabu yake ya mwaka 1265 iko Honolulu. Bila shaka vilikwenda kubadilisha hewa. Huku kwetu pwani ya Afrika Mashariki, makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Tanzania, yalipachikwa vyombo vya ng'ambo, na mahali pa vingi pamebaki mashimo. Huenda navyo viliaga vizuri.

Wasomi, Mheshimiwa, wana tabia ya kusumbua. Kipande kilichovunjika cha mtungi wa Uajemi, kikichimbwa kisiwani Manda, Kenya, na tabaka lake likaandikwa, huwaambia jahazi zilifika lini na mji ulifanya biashara na nani. Bakuli zima lisilo na mahali huwaambia tu kwamba ni zuri. Aliyelichimba usiku alivunja kitu ambacho hakuna fundi wa London awezaye kukiunga.

Wenzetu Mijikenda walibahatika. Vigango vyao viwili, yaani sanamu za ukumbusho wa wafu, vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi Kenya mwaka 2007, kwa kuwa mtafiti Monica Udvardy alikuwa amevipiga picha vikiwa bado kwa mwenyewe, na baadaye vikaonekana katika makumbusho ya Marekani. Chombo kilichotolewa ardhini gizani hakina picha ya namna hiyo. Kwacho, katalogi yenu ndiyo shahidi pekee.

Kwa hiyo naomba, nikiwa nimeinama, mistari mitatu tu chini ya kila bakuli: lilichimbwa wapi, lilitoka nchini mwake mwaka gani, na kwa kibali cha nani. Na ikiwa muuzaji hajui hata moja kati ya hayo, basi kwa hisani yako katalogi iseme hivyo waziwazi, kwa herufi zenye ukubwa uleule mnaoupa bei.

Wako mtiifu kupindukia,

Mkulima wa Chai