Sifa za Nondo, Mzalendo wa Sandukuni

Singida ni mkoa usiokosa cha kusifiwa. Alizeti imeshapata heshima yake, kuku wa kienyeji wana soko hadi Dar es Salaam, asali ya Manyoni na Itigi haihitaji tangazo, na ng'ombe, kwa Wanyaturu na majirani zao, hutajwa kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo. Hata upepo, ambao kwa miaka mingi ulilaaniwa kwa kuleta vumbi ndani ya nyumba, unasemwa vizuri tangu watu waanze kuzungumzia kuugeuza umeme. Katika baraza hilo la wenye sifa amesahauliwa mmoja tu: nondo wa nguo, yule mdogo wa rangi ya majani makavu, anayehusishwa na kila koti la sufu lililotunzwa kwa ajili ya harusi likaja kutolewa sandukuni na matundu kwenye kola.

Si jambo geni kumsifu mdudu. Lukiano wa Samosata, mwandishi wa karne ya pili katika milki ya Roma, alimwandikia nzi sifa zinazosomwa hadi leo. Kama nzi alipata wakili, nondo anamstahili zaidi, maana kesi yake imeendeshwa ovyo tangu mwanzo.

Kwanza wanakamatwa wasiohusika. Usiku, taa ikiwashwa, huingia mdudu mkubwa wa kahawia mwenye mabawa ya unga, akaizunguka taa hadi apigwe kandambili, na mama mwenye nyumba akalala akiamini ameokoa nguo zake. Huyo hakuwa na kosa. Nondo wa nguo anaikimbia taa. Makazi yake ni gizani, kwenye mkunjo wa koti, chini ya kabati zito ambalo halijasogezwa tangu lilipoingizwa, ndani ya sanduku la bati lililosukumwa uvunguni. Akifunuliwa harukii mwanga. Hukimbia kwa miguu kutafuta kivuli kingine. Ni mdogo kama punje ya mchele, na wengi hawamwoni kabisa.

Hata huyo akikamatwa na ushahidi wote, bado si yeye. Nondo mzima wa aina ya Tineola bisselliella, anayejulikana zaidi duniani kwa kuharibu nguo, hali chochote. Sehemu zake za mdomo zimedumaa. Anaishi kwa akiba aliyoiweka mwilini utotoni, anatafuta mwenza, jike anataga mayai 40 hadi 50 hivi, kisha wote wawili wanakufa. Mzazi gani mwingine anafunga maisha yake yote ya utu uzima ili watoto wapate kula?

Mlaji ni mtoto: kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia, anayefuma utando wa hariri na kula akiwa chini yake. Palipo na joto na chakula cha kutosha hukua kwa miezi miwili hivi. Mambo yakiwa magumu anaweza kujikokota hadi miaka miwili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haimtii hatiani mtoto aliye chini ya miaka 10. Wakili wa nondo angeweza kukaa chini hapo hapo, kesi imekwisha.

Lakini wakili mwema haishii kwenye umri wa mshtakiwa, huonyesha pia tabia yake njema, na tabia ya huyu mtoto ni uzalendo mtupu. Anachokula ni keratini, ile protini ngumu inayotengeneza nywele, manyoya, kucha, kwato na pembe. Pamba haina keratini. Kwa hiyo khanga ya bibi, kitenge cha sherehe, shuka na kanzu ya pamba havimhusu, isipokuwa viwe vimelowa jasho au kumwagikiwa mchuzi vikawekwa bila kufuliwa. Hapo anaweza kutafuna uzi kwa kuufuata uchafu. Mkulima wa pamba wa Iramba na Mkalama hana ugomvi naye. Matundu mengi anayosingiziwa kwenye nguo za pamba ni kazi ya panya, mende na nyenje, ambao hawajawahi kuitwa kujieleza.

Sufu je? Kondoo wa Singida, mwenye mkia wa mafuta, ana nywele fupi zisizofaa kusokotwa uzi. Hakuna sweta la sufu linaloweza kudai limezaliwa Sepuka au Kiomboi. Karibu kila uzi wa sufu unaoliwa mkoani humo umetoka nje ya nchi, na mara nyingi umekuja kwenye belo la mitumba.

Historia ya mitumba inaonyesha ukubwa wa kazi aliyoibeba mdudu huyu. Wazee waliiita kafa Ulaya, kwa kuamini kwamba mwenye nguo lazima awe marehemu, kwani nani mzima angetupa koti zuri kiasi kile? Wakati wa siasa ya ujamaa ilibanwa. Katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa, ikamiminika. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha na kuazimia kuiondoa hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya ndani vipumue. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya mpango wa AGOA, na mmoja mmoja wakarudi nyuma. Rwanda peke yake ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikanyimwa nafuu hiyo kwa nguo zake. Nondo hakualikwa Arusha wala hakutishiwa na mtu. Yeye anaendelea kuyapunguza makoti ya kigeni, tundu kwa tundu, bila posho ya kikao.

Na hapo hapo anamjali mnyonge. Siku ya mnada wa mifugo, makoti huning'inizwa kwenye kamba hatua chache kutoka walipo mbuzi. Mji wa Singida uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mzee asiye na koti anaujua urefu wake. Mnunuzi mzoefu huliinua koti juu, jua likiwa nyuma yake, akatazama vitundu. Akiviona haondoki, anatabasamu, kwa kuwa mazungumzo ya bei sasa yameanza. Koti lenye tundu chini ya kwapa halina bei ya koti zima, ila joto lake ni lile lile, na fundi cherehani yuko upande wa pili wa barabara. Ruzuku ya namna hii haijawahi kupitishwa na bajeti yoyote.

Mkaguzi wa viwango pia ni yeye. Muuzaji anaweza kuapa kwamba suti ni sufu tupu, na lebo ikamuunga mkono. Kiwavi hasomi lebo. Akiwekewa akriliki, poliesta au nailoni atakufa njaa. Mazulia mengi yanayouzwa madukani leo yametengenezwa kwa nyuzi za plastiki, ndiyo maana hayagusi. Mwenye zulia lililotafunwa chini ya kochi ana haki ya kulia, lakini alie kwa majivuno: amethibitishiwa kwamba alichonunua kilikuwa sufu ya kweli.

Watakaosema kwamba mdudu huyu ni mgeni aliyeingia na belo wanapaswa kusikia upande wa pili. Alipewa jina lake la kisayansi na Hummel mwaka 1823, huko Ulaya, na kwa muda mrefu Wazungu walimchukulia kama wa kwao. Watafiti wa Ujerumani waliopitia kumbukumbu za zamani walichapisha mwaka 2011 hoja nyingine: kwamba asili yake yaelekea ni Afrika ya kati na ya kusini, na kwamba hakufika Ulaya kabla ya mwishoni mwa karne ya 18. Kabla ya kuwako makabati alikula manyoya na ngozi za mizoga. Aliondoka Afrika bila pasi, akala suti za mabwana kwa miaka mia mbili, na sasa anarudishwa nyumbani kwa kontena, nauli wamelipa wao.

Kwamba Afrika ndiyo kwao kunaonekana ukiwatazama ndugu zake, na hapo dhihaka inabidi ipumzike kidogo. Kusini mwa mkoa wa Singida kuna mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, nchi ya nyati. Katika pori la Afrika Mashariki la namna hiyo, fuvu la nyati au swala likilala chini kwa miezi, huonekana vijibomba vya kijivu vimechomoza kwenye pembe. Ni kazi ya nondo wa pembe, Ceratophaga vastella. Kiwavi wake hutoboa pembe ya mnyama aliyekufa, akaila, na kutokea nje kwa bomba alilolijenga kwa hariri na kinyesi chake mwenyewe. Mfupa wa ndani anauacha, na ganda la nje la pembe, ambalo ni keratini, analirudisha kwenye udongo.

Kazi hiyo inawashinda wakubwa. Fisi ana tumbo la kuyeyusha mfupa hadi kinyesi chake kikawa cheupe, lakini nywele zinamgomea, huzitapika kwa mabonge. Sababu ni kwamba nyuzi za keratini zimefungwa pamoja kwa viunganisho vya salfa ambavyo asidi ya tumbo haivikati. Kiwavi wa nondo ana utumbo wa aina nyingine kabisa: si wa asidi bali wa kinyume chake, tena wenye oksijeni kidogo mno. Humo viunganisho vya salfa hulegea, ndipo vimeng'enya vikamalizia. Wanyama wenye uwezo huo ni wachache. Bila yeye na bila mbawakawa wa ngozi, manyoya yote ya kuku waliochinjwa Singida tangu mkoa uanze, na ya heroe wa ziwa Singidani, na nywele za kila mzoga wa ng'ombe wa kila ukame, vingekaa juu ya ardhi muda mrefu sana. Kuvamia kabati ni kosa dogo la mfanyakazi huyo, asiyejua kwamba kondoo aliyegeuzwa suti ana mwenyewe.

Heshima yake kitabuni ni ya zamani. Katika Injili ya Mathayo, sura ya sita, anawekwa pamoja na kutu na wezi kama sababu ya kutolimbikiza mali duniani. Nabii Isaya naye alimtaja kabla ya hapo. Mhubiri wa Jumapili anaweza kuzungumza saa nzima juu ya ubatili wa mali na asimshawishi mtu. Nondo anatoa ujumbe huo huo kwa tundu moja mgongoni, asubuhi ya harusi, na mwenye suti anaelewa.

Kinachomuudhi ni matumizi. Nguo inayovaliwa, kung'utwa na kuanikwa haimpi nafasi, na kwa hilo Singida imejaliwa kila silaha: jua kali, upepo usiopumzika na hewa kavu kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Koti likitundikwa juani na kupigwa brashi, viwavi, kwa kuuchukia mwanga, hujiachia na kuanguka; mayai nayo yanapukutika. Nguo inayovumilia maji ya moto, nyuzi 55 na zaidi, hutoka salama. Isiyovumilia inaweza kufungwa vizuri na kulazwa wiki mbili ndani ya friza, kama kuna jirani muuza samaki mwenye moyo mkubwa. Moshi wa udi na majani ya mwarobaini hunukisha sanduku, lakini kiwavi aliyekwisha kujifunika hariri yake ataendelea kula, tena sasa ananukia.

Silaha moja haifai kusifiwa hata kwa utani. Vile vidonge vyeupe vya naftalini, vinavyouzwa kwa bei ya pipi, hutoa mvuke wenye sumu, na mvuke huo hubaki kwenye nguo. Umoja wa Ulaya uliviondoa sokoni mwaka 2008. Afrika Mashariki kuna sababu kubwa zaidi ya kuviogopa: katika nchi za malaria watu wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kasoro ambayo iliendelea kurithiwa kwa kuwa inapunguza makali ya malaria. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo, akivishwa nguo au kufunikwa blanketi lililolala na naftalini, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika, akapata manjano kali inayofika kwenye ubongo. Na mtoto anayetambaa akikiona kidonge cheupe sakafuni, atakiweka mdomoni. Kati ya naftalini na nondo, nyumba yenye kichanga ichague nondo.

Baridi ya Julai ikipita, basi, koti la sufu lisirudi sandukuni na jasho lake. Lifuliwe au lipelekwe kwa dobi, likauke kabisa, lipigwe brashi chini ya kola, ndani ya mifuko na kwenye mishono, na sanduku likung'utwe pembe zote. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini ndoo kubwa yenye mfuniko unaobana inatosha. Kila mwezi mmoja au miwili lipewe asubuhi moja ya jua la Singida, ambalo halina bili.