Haiuzwi, Hawajalipa

Mkusanyaji wa barua za kale alishuka Nyamisati kwenye bodaboda iliyotoka Bungu, vumbi mpaka kwenye kope na glovu nyeupe mfukoni. Glovu hizo ni za kushikia karatasi za kale. Kijana mmoja wa gatini alizitazama, akamuuliza kama amekuja kuchanja watoto.

Alikuwa anasaka barua za maofisa wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajichimbia kwenye mikoko ya delta hii hii ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 manowari za Waingereza Severn na Mersey zikaipiga hadi mabaharia wake wakaimalizia wenyewe kwa baruti. Hata hivyo, kapteni wake, Max Looff, hakuwa mtu wa kusalimu amri upesi: mizinga yote mikubwa 10 iliopolewa, ikaburutwa nchi kavu kwenda kupigana tena, na mmoja leo uko Fort Jesus, Mombasa. Chuma kina bahati yake. Karatasi ya delta hulowa, na isipolowa huliwa na mchwa.

Miezi mitatu mizima alijifunza Kurrent, mwandiko wa Wajerumani wa enzi hizo, ambao e yake ni kama n, na u huvishwa kofia. Huwatoa jasho hata Wajerumani wengi wa leo. Yeye alijiona amefuzu.

Basi mzee mmoja alipoitikia shikamoo yake na kutoa kopo la biskuti, ndani mna karatasi yenye wino wa rangi ya chai, mkusanyaji alivaa glovu, akainamia lenzi.

"Hii u. Hii n… au e. Wanaagiza makaa ya mawe!"

Mzee akaitwaa karatasi, akaigeuza juu chini, akaanza kusoma kutoka kulia. Kilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa pwani walivyoandikiana tangu Königsberg haijaundwa. "Ila janabi…" Salamu zikala mistari saba, nyumba nzima ikajuliwa hali. Mstari wa nane ukawadai watu wa Salale pishi tano za mpunga.

Mkusanyaji akakohoa. Afadhali hii kuliko kurudi mikono mitupu.

"Utaniuzia kiasi gani, mzee wangu?"

"Haiuzwi, mwanangu. Hawajalipa."

Akaomba basi apige picha tu. Mzee akaishika karatasi kwa ncha zote mbili, upepo usiichukue.

"Piga vizuri. Ukivuka Salale, uwaonyeshe."